Farasi Aliyenunuliwa na Papa

Simu ilipigwa kutoka Pweto nikiwa nachambua maharagwe barazani, hapa Bel-Air, Lubumbashi, ninapokaa sasa na mume wangu na wanangu. Sauti ya mwanamume nisiyemjua iliuliza kama mimi ni mtoto wa Salumu fundi ngozi, kisha ikaniambia kwamba baba mdogo Ramazani amefariki, kwamba wamekwisha kumzika, na kwamba hakuacha kitu ila godoro na redio. Nikashukuru, nikakata. Nilingoja machozi, hayakuja. Kilichokuja ni harufu: jasho la farasi, majani makavu, na damu iliyomwagika kwenye saruji na kupigwa na jua. Si kama damu ya mbuzi wa Idi. Ni tamu zaidi. Nilinawa mikono mara mbili na bado ikawa puani.

Ninyi mliokua mtaa wa Kamalondo wakati wetu mnazijua nyumba zile: mlango unatazama barabara, ua uko nyuma, na ugomvi wa jirani unausikia kana kwamba uko kwenye sahani yako. Baba, tuliyemwita Papa, alikuwa na kibanda chake mbele ya nyumba. Alishona viatu, mikanda na mifuko ya shule, lakini ufundi wake hasa ulikuwa matandiko ya farasi. Alikuwa ameurithi kwa babu, aliyetoka Maniema akiwa kijana na kufundishwa kazi hiyo katika mazizi ya Wazungu. Wenye farasi walikuwa wachache Lubumbashi, na wote walimjua Papa. Ila yeye mwenyewe hakuwahi kupanda farasi hata siku moja. "Matandiko yote ya huu muji nimeikalia," alikuwa akisema, "lakini hapa chini tu, juu ya kigogo."

Nilikuwa na miaka kumi, na nilimpenda kama mtoto anavyompenda baba asiyepiga. Kisha siku moja akaja mtu mwenye malori, mnene, kudai viatu vyake. Havikuwa tayari. Mimi nilikuwa chini ya meza, napaka nyuzi nta. Niliona miguu ya yule mtu ikisogea karibu, nikasikia kibao, na kofia ya Papa ikaanguka mbele ya magoti yangu. Nilidhani sasa Papa atainuka. Aliinama, akaokota kofia, akaikung'uta vumbi, akaivaa.

"Pardon, patron," akasema. "Kesho itakuwa tayari."

Kile kibao kilinichoma shavuni mimi. Kwa siku kadhaa sikuweza kumtazama Papa usoni.

Baba mdogo Ramazani alikuwa amefika kwetu mwanzoni mwa kiangazi kile, kutoka vita vya mashariki. Alikuwa mrefu, mzuri wa sura, na alilala sebuleni na taa ikiwaka. Sikuona ajabu yoyote katika hilo la taa. Niliona tu kwamba ananiletea karanga za kukaanga ndani ya karatasi, na kwamba watu barabarani wanampisha. Alipoambiwa habari ya kibao, alichukua juu ya meza ya Papa kile chuma kizito chenye umbo la mguu ambacho hupigiliwa viatu, akaondoka. Nikamfuata mbio.

Tulimkuta yule mtu wa malori mbele ya baa, chupa mkononi. Ramazani alimpiga mara ya kwanza mdomoni, na nikaona meno yakitoka pamoja na bia. Mara ya pili sikioni. Mtu akaanguka, Ramazani akaendelea pale pale chini, taratibu, kama fundi anayejua kazi ina urefu gani. Watu walishangilia. Mimi pia nilishangilia, nilirukaruka, niliita jina lake. Kisha Papa akafika akihema, akamkumbatia mdogo wake kwa nyuma na kumvuta. Akaomba ndoo ya maji, akapiga magoti kwenye mavumbi, akamwosha yule mtu uso kwa mikono yake mwenyewe, akamtafutia taksi.

Ramazani alifuta chuma kwenye suruali yake, akaniinamia. "Ona, Zaina. Sasa hakuna muntu atagusa tena papa yako."

Tangu siku ile nilijua, kwa uhakika wa mtoto, kwamba duniani kuna watu wa aina mbili tu, wanaopiga na wanaopigwa, na kwamba Mungu alikuwa amenikosea baba.

Basi, habari ya farasi. Mzungu mmoja mwenye shamba nje ya mji, ng'ambo ya Bel-Air, alikuwa amerudi kwao kwa ugonjwa. Alikuwa ameuza farasi wake karibu wote, wakabaki wawili, na kazi ya kuwauza akamwachia Mama Kabedi, mwanamke wa Kiluba aliyewatunza kwa miaka mingi. Bei ilikuwa moja kwa kila farasi, chagua unayetaka. Papa aliposikia, aliuza pikipiki yake. Alitaka farasi wa harusi na wa picha, wa kupandisha maharusi, na watoto siku za sikukuu. Mama yangu alimwambia ana wazimu. Papa alicheka, jambo ambalo hakulizoea, na usiku na mchana akawa anashona tandiko jipya, jekundu, lenye vifundo vya shaba.

Kwa kuwa ilikuwa likizo, na Papa alikuwa na hatamu za kurekebisha kule shambani, nilikwenda naye wiki nzima. Nilijua kila pembe. Nilijua kwamba ua wa nyuma una ubao unaosogea, kwamba mbwa wa Kabedi anaitwa Simba na kwamba ukimpa ganda la muwa anakulalia miguuni. Na nilikuwa nimekwisha kuchagua farasi wangu.

Fanny alikuwa jike la kijivu, mzee, mwenye midomo iliyolegea kama ya bibi asiye na meno. Alisimama pale ulipomwacha. Inzi walimtembea usoni, yeye kimya. Nilipompigia makofi hakugeuka. Nilimdharau. Tonnerre alikuwa dume jekundu, shingo nene, na jina lake, alivyonieleza Papa, maana yake ni radi. Alipokuona alilaza masikio nyuma, akaonyesha meno, akapiga ukuta wa banda kwa kwato mpaka vumbi la saruji likaruka. Mama Kabedi alikuwa na vidole vitatu tu mkono wa kulia. Viwili vilikuwa vimeng'olewa na yeye Tonnerre.

"Na bado unamupenda?" nilimuuliza.

Aliangalia mkono wake kama mtu anayeangalia saa. "Ile ilikuwa mwaka ya kwanza. Tulikuwa hatuyajuana." Akaendelea kuchana manyoya. "Huyu haiko mubaya, Zaina. Mutoto ya patron alimupigaka na chuma, hapa, mu kichwa, sababu alikatala kuruka. Toka ile siku, akiona mukono inapanda, anapiga yeye wa kwanza."

Nilisikia nusu tu ya maneno hayo. Nilisikia: anapiga yeye wa kwanza.

Siku ya kuchagua ilikuwa Alhamisi. Papa alimwomba Ramazani aje naye, kwa heshima tu, maana jambo kubwa hulifanyi bila ndugu yako. Kabedi aliwatoa farasi wote wawili uani, akawafunga kwenye nguzo mbili mbalimbali. Papa alimzunguka Fanny, akamwinua miguu mmoja mmoja, akamfungua kinywa, akamwegemezea paji la uso ubavuni kama anayesikiliza. Fanny alipumua tu.

"Nitachukua huyu," akasema.

Ramazani, aliyezoea kumwita kaka yake yaya, alicheka kwa sauti. "Hii? Yaya, hii ni bibi ya farasi. Batu batakucheka Kamalondo muzima. Angalia ile pale! Ile njo farasi ya mwanaume."

"Mi nataka farasi ya kubeba mutoto ya muntu. Siku mutoto ya muntu ataanguka, nitasema nini?"

"Unaogopa. Tangu zamani weye unaogopa."

"Ndiyo," Papa akasema, "naogopa." Alilisema kama mtu anayesema ana njaa. Kisha akanigeukia. "Na weye, Zaina? Unachagua gani?"

Nilinyoosha kidole kwa Tonnerre.

"Juu ya nini?"

"Paske hakuna muntu anaweza kumupiga."

Papa alifungua kinywa. Sijui alitaka kusema nini, kwa sababu Ramazani alikuwa tayari amekwenda kwenye nguzo na kufungua kamba. Kabedi akapiga kelele, "Acha! Ule hapana, acha!" Ramazani akaruka mgongoni bila tandiko, kwa wepesi ulionifanya nipige makofi. Kwa muda mfupi walikuwa wazuri sana, mtu na mnyama, na mimi nilikuwa wa kwanza kuamini. Kisha Tonnerre alijikunja kama upinde na kujiachia. Ramazani alirushwa juu ya kichwa chake, akatua kwa uso kwenye saruji. Kabla hajainuka, kwato la nyuma likampata kwenye taya. Nilisikia mfupa. Ulilia kama kuni kavu.

Wafanyakazi wawili wa shamba la jirani, waliokuwa wamekaa ukutani kutazama, walicheka. Nadhani kile kicheko ndicho kilichotuharibia kila kitu.

Ramazani aliinuka. Damu na mate vilimning'inia kidevuni. Alichukua sepetu lililoegemea ukuta, na Tonnerre, ambaye Kabedi alikuwa amekwisha kumshika kamba, akapigwa nalo usoni, upande wa bapa. Mara moja, mbili. Farasi alipiga yowe. Sikujua kwamba farasi anaweza kupiga yowe kama la mwanamke. Alisimama kwa miguu ya nyuma na kumwinua Kabedi kutoka ardhini, kamba imemzunguka mkono. Papa akaingia katikati, akashika mpini wa sepetu kwa mikono miwili.

"Lete, Ramazani. Imetosha."

Ramazani akampiga ngumi ya mdomo. Papa hakuachia mpini. Akampiga ya pili. Meno ya Papa yakawa mekundu, macho yakatoka machozi, lakini mikono haikuachia, wala haikurudisha. Walisimama hivyo, ndugu wawili na sepetu, mpaka Ramazani akachoka, akatema damu, akatoka nje ya lango.

Nililia njia nzima ya kurudi. Papa alidhani nimeogopa. Nililia kwa aibu: amepigwa tena, mbele ya watu tena, na bado anamnunua bibi ya farasi. Alikuwa amekubaliana na Kabedi kumchukua Fanny siku ya Jumatatu.

Kamalondo hakuna siri inayolala. Siku ya pili watoto wa mtaa walikuwa wakimfuata Ramazani nyuma, wakilia kama farasi. Taya lake lilikuwa limevimba, maneno yalimtoka kwa shida. Alimshika mtoto mmoja, mwana wa fundi cherehani, akambamiza kichwa ukutani. Mama wa mtoto alikuja kulia mlangoni kwetu, nguo ya mtoto imelowa damu mkononi mwake. Mama yangu alimpa maji. Ramazani alikaa sebuleni mchana kutwa, akitazama ukuta. Nilimpelekea uji kwa kijiko. Nilimhurumia kama shujaa aliyefanyiwa hila.

Jumapili asubuhi, Papa akiwa kibandani anamalizia lile tandiko jekundu, Ramazani aliniita uani.

"Zaina. Ile mbwa ya kule inakujua?"

"Inanijua."

"Kabedi anaenda misa?"

"Anaenda. Anarudi saa tano."

Alichuchumaa mpaka macho yetu yakawa sawa. "Basi twende tumuchukue Tonnerre. Papa yako anunue ile mbuzi yake. Siye tutachukua farasi. Itakuwa yako."

Msinicheke. Niliamini. Niliwaza jinsi tutakavyoingia Kamalondo, mimi mbele, yeye nyuma yangu, na jinsi wale watoto watakavyonyamaza. Nilichukua muwa jikoni. Yeye alibeba gunia lililokunjwa kwapani, kitu kirefu ndani yake, na nilijua, bila kuuliza, kwamba ni hatamu.

Tulipita nyuma. Nilisogeza ule ubao. Nilimpa Simba ganda la muwa, akatulalia miguuni, mkia ukipiga chini. Bandani mlikuwa na giza kidogo na ubaridi. Tonnerre alikuwa amefungwa kichwa, kamba fupi kulia na kushoto, kwa sababu Kabedi alikuwa anamtibu jeraha la uso na hakutaka ajikwaruze. Jicho moja lilikuwa limefungwa kwa uvimbe. Alituona, akalaza masikio nyuma. Hakuweza kufanya zaidi ya hapo.

"Mufungue," nikamwambia baba mdogo. "Fungua hii kamba kwanza."

Ramazani alikunjua gunia. Ndani mlikuwa na panga, lile la Mama la kukatia kuni.

Sitasimulia yote. Alianza na miguu ya nyuma, mshipa ulio juu ya kwato, kwanza mmoja halafu wa pili, na mnyama yule mkubwa akakaa chini kama mbwa, huku kichwa kikibaki juu, kimening'inizwa na zile kamba. Kisha ubavu. Kisha shingo, lakini vibaya, panga lilikuwa butu. Damu ilinipiga miguuni ikiwa ya moto. Nilipiga kelele, "Baba mdogo, acha, ni wangu, ulisema ni wangu!" Nilimshika shati. Alinisukuma kwa kiwiko bila kunitazama, nikagonga ukuta, nikaona nyota. Hakuwa na hasira usoni. Hilo ndilo lililonitisha kuliko damu. Uso wake ulikuwa wa mtu aliye mbali sana, anayefanya kazi aliyotumwa.

Papa alifika juu ya pikipiki ya kukodi. Mama alikuwa ameona panga halipo, mimi sipo, na Ramazani hayupo. Niliona kivuli chake mlangoni mwa banda. Hakukimbia. Aliingia polepole, mikono mitupu, akakanyaga ile damu kwa viatu vyake vya Jumapili.

"Lete mupanga," akasema.

Ramazani akageuka. "Usikuye, yaya. Nitakukata."

"Unikate. Lakini lete."

Mimi nilikuwa nimeketi chini, ukutani, kwa hiyo nilikuwa sawa na miguu ya Papa. Niliona suruali yake inatetemeka. Magoti yalikuwa yanagongana chini ya kitambaa. Alikuwa na hofu kama mtu aliyevuliwa nguo kwenye baridi, na kila mara goti likitetemeka, mguu ulisogea mbele hatua nyingine. Hatua nne, nilizihesabu. Akanyoosha mkono, akashika panga kwenye makali, si kwenye mpini, akafunga ngumi.

Ramazani aliangalia vidole vya kaka yake vikivuja damu. Akaachia.

"Iliniangalia," akasema. Taya lilimwuma, maneno yalitoka yamevunjika. "Iliniangalia na ile jicho moya, yaya. Sawasawa na bale. Sawasawa na bale." Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akajikumbatia, akatikisika. Sikujua hao "bale", wale anaowataja, ni kina nani. Papa alijua, au alikisia, maana alifumba macho kidogo.

Tonnerre alikuwa bado hai. Pua yake ilitoa mapovu mekundu, na kila pumzi ilikuwa na sauti. Wakati ule Mama Kabedi akaingia, amevaa kitenge chake cha kanisani, kitabu cha nyimbo mkononi. Hakupiga kelele. Alipita katikati yetu kana kwamba sisi ni samani, akakata kamba, akapokea kile kichwa kizito mapajani mwake, akaanza kukisemesha Kiluba, pole pole, kama mtu anayembembeleza mgonjwa.

Papa alitoa mfukoni kisu chake cha ngozi, kile kidogo chenye makali kuliko wembe, ambacho sisi watoto hatukuruhusiwa kukigusa. Akapiga magoti. "Mama, unaniruhusu?"

Kabedi akaitikia kwa kichwa. Papa akasema bismillahi, akapapasa shingo mpaka akaona mahali, na mkono wake ambao haukuwahi kumpiga mtu ukakata mara moja tu, safi, kama anavyokata ngozi ya mkanda. Sauti ya pumzi ikakoma.

Inzi walikuwa wamekwisha kufika.

"Mbwa haikulia?" Kabedi akauliza mwishowe, bila kuinua kichwa. "Namna gani mbwa haikulia?"

Nilitazama kipande cha muwa kilichobaki mkononi mwangu, nikakificha nyuma.

Papa alifungua kifungo cha mfuko wa ndani, akatoa bahasha. Alikuwa ameibeba kutoka nyumbani. Nadhani alijua atakachokikuta. Akaiweka juu ya kitabu cha nyimbo.

"Nanunua farasi," akasema.

"Kuya kesho. Fanny iko pale pale."

"Hapana. Nanunua huyu."

Kabedi alimtazama kana kwamba hajasikia vizuri. "Salumu. Huyu iko maiti."

"Njo huyu."

Alijaribu kumrudishia. Papa alirudisha mikono yake nyuma, mmoja umefungwa leso iliyolowa damu. Kisha akaokota lile sepetu la Alhamisi, akamwendea mdogo wake, akaliweka magotini mwake.

"Chimba," akamwambia.

Ramazani alichimba. Alichimba nyuma ya kichuguu kilichokuwa pembeni mwa shamba, katika ule udongo wetu mwekundu unaokuwa mgumu kama tofali wakati wa kiangazi, kutoka adhuhuri mpaka jua lilipoanza kulala. Papa alichimba pamoja naye kwa mkono mmoja. Wale wafanyakazi waliocheka walikuja kusaidia kumburuta Tonnerre, na safari hii hawakucheka. Kaburi la farasi ni kubwa kuliko unavyodhani. Lilipofukiwa, Ramazani aliweka sepetu chini, akanawa uso kwenye pipa, akatoka kwa lango la mbele. Alielekea barabarani, si upande wa mjini. Papa alimwangalia mpaka akapotea. Hakumwita. Baadaye tulisikia amefika Pweto, anapakia samaki wakavu kwenye malori. Hakurudi Lubumbashi tena, wala Papa hakuwahi kulitaja jina lake kwa ubaya.

Tulirudi nyumbani bila farasi na bila pikipiki. Mama alimfunga Papa mkono, vidole viwili havikukunjika tena vizuri, na kwa fundi wa ngozi hilo si jambo dogo.

Siku tatu sikula vizuri. Kila mtu alidhani ni kwa niliyoyaona. Siku ya nne nilikwenda kibandani, nikasimama mbele ya meza, nikasema kwa mkupuo mmoja: ubao niliusogeza mimi, mbwa nilimlisha mimi, saa ya misa niliisema mimi. Nikafumba macho. Nilikuwa na hakika kwamba sasa, hatimaye, Papa atapiga, na nusu yangu ilimwomba Mungu apige.

Nilisikia sindano ikiwekwa juu ya meza.

"Vaa viatu," akasema.

Tulitembea kwa miguu njia yote. Hakunishika mkono, hakunikaripia. Kabedi alikuwa akisugua sakafu ya lile banda tupu kwa jivu na fagio gumu. Doa lilikuwa limebaki. Papa alisimama mlangoni.

"Sema kwake," akasema. "Kwangu umekwisha kusema."

Nikasema. Safari hii maneno yalikuwa mazito na niliyatoa moja moja. Kabedi aliegemeza fagio ukutani, akanikaribia, akanipiga kibao kwa ule mkono wa vidole vitatu. Nilianguka. Sikio lilivuma, midomo ikawa na ladha ya chumvi. Nilimtazama Papa. Alikuwa amekaza taya, macho yamejaa maji, na hakusogea.

Kisha Mama Kabedi aliketi pale pale kwenye sakafu yenye maji, kanga yake ikalowa, akalia kwa sauti, mdomo wazi, kama ambavyo hakulia Jumapili wala siku zote zilizofuata. Nilitambaa, nikakaa karibu naye, si karibu sana. Shavu liliniwaka, na kwa mara ya kwanza tangu ile Jumapili niliweza kupumua mpaka chini.

Alipomaliza kulia alijifuta uso kwa kiwiko. "Likizo yenu inaisha lini?"

"Bado wiki mbili."

"Utakuya kila asubuhi. Fanny haina muntu ya kumupeleka kunywa. Miguu yangu imechoka."

Akaniinua, akanipeleka kwenye banda la pili. Yule mzee wa kijivu alikuwa amesimama kama kawaida yake, kichwa chini, inzi usoni. Nikanyoosha mkono nimshike kamba, na Kabedi akanivuta nyuma kwa nguvu.

"Hapana! Ile upande haoni. Ukimugusa tu, ataogopa na atakuumiza. Sema kwanza jina yako, ajue ni nani anakuya."

Nikasema jina langu. Lilitoka dogo sana, hata mimi sikulisikia.

"Tena," akasema Kabedi.

Nikapumua, nikalisema kwa sauti. Sikio moja la kijivu likainuka, likanigeukia.